Albamu za jukwaani: Kutoka Osaka na Hammersmith hadi kumbi za benga za Nyanza Kusini

ASUMBI, kituo cha miaka mingi cha misheni ya Kikatoliki katika Kaunti ya Homa Bay, si jina linalotajwa panapozungumzwa muziki wa hevi metali. Hujulikana kwa kanisa lake, chuo chake cha walimu na shule yake ya upili ya wasichana. Hata hivyo, eneo linalokizunguka kituo hicho, yaani iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini kabla ya kugawanywa na hatimaye kuwa kaunti za Homa Bay na Migori, ni ngome ya benga. Na mashabiki wa benga wana lalamiko lile lile walilokuwa nalo vijana wa Uingereza na Japani miaka ya 1970: kwamba kinachosikika katika santuri ni kivuli tu cha kile kinachopigwa ukumbini.

Wapenzi wa hevi metali walipata dawa ya lalamiko hilo. Dawa yenyewe ni albamu ya jukwaani: muziki unaonaswa mbele ya hadhira, pamoja na vifijo, mbinja na makosa yake, kisha ukauzwa kama ulivyo au karibu na ulivyo. Benga haikuipata dawa hiyo ila kwa nadra. Sababu zake zinastahili kuelezwa, maadam wengi wa wapigaji wakuu wa miaka ya 1970 wamekwisha kuaga dunia na kile walichokipiga usiku kucha hakiwezi kupigwa tena.

Santuri iliyokusudiwa Wajapani pekee

Katika orodha yoyote ya albamu za jukwaani za roki nzito, jina la kwanza kutajwa aghalabu ni Made in Japan ya kundi la Uingereza, Deep Purple. Ilirekodiwa kwa siku tatu, Agosti 15 hadi 17, 1972, mbili za kwanza mjini Osaka na ya tatu katika ukumbi wa Budokan, Tokyo. Wenyewe hawakuitilia maanani. Kampuni ya Japani ndiyo iliyoomba rekodi hiyo kwa ajili ya soko lake, na wakati wa kuchanganya sauti ni wanamuziki wawili tu kati ya watano, mpiga drams Ian Paice na mpiga besi Roger Glover, waliojishughulisha kufika studio.

Matokeo yake yalikuwa santuri mbili zenye nyimbo saba tu. Hapo ndipo penye siri ya albamu hiyo. Space Truckin', wimbo ambao studioni ulichukua dakika nne na nusu hivi, uliachwa uende hadi ukakaribia dakika 20 na kujaza upande mzima wa santuri. Fundi wa sauti, Martin Birch, hakujaribu kuupunguza wala kuulainisha. Msikilizaji husikia gitaa la Ritchie Blackmore likimjibu mwimbaji Ian Gillan, mwimbaji akiligeza gitaa kwa sauti yake, na watu wakicheka. Hakuna kanuni ya studio ambayo ingeruhusu mchezo kama huo.

Birch huyo huyo ndiye aliyekuja kuitayarisha Live After Death ya Iron Maiden, iliyotoka mwaka 1985. Sehemu kubwa ya santuri hizo mbili ilinaswa Long Beach, California, Machi 1985, na upande mmoja ukatoka ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, Oktoba 1984. Kwa wengi hii ndiyo kilele cha aina yake. Imerekodiwa kwa usafi zaidi kuliko ile ya Deep Purple, na hilo ndilo linaloipunguzia kidogo: kila kitu kimekaa mahali pake. Lakini asikiaye magitaa mawili ya Dave Murray na Adrian Smith yakienda sambamba, moja likipanda na jingine likishuka, ataelewa kwa nini mpenzi wa benga hahitaji kufundishwa kuupenda muziki huo. Anayedai kwamba hevi metali ni makelele matupu hajapata kusikiliza kwa makini upande mmoja wa santuri hiyo.

Motörhead nao walitoa No Sleep 'til Hammersmith mwaka 1981. Iliingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya chati ya albamu za Uingereza, jambo ambalo kundi hilo halikulirudia kamwe. Ajabu ni kwamba jina la albamu linataja Hammersmith ilhali nyimbo zake nyingi zilirekodiwa katika miji ya Leeds na Newcastle, na ukumbi huo wa London haukuwamo kabisa katika ziara hiyo ya Machi 1981.

Ukweli wa kile kinachosikika

Jambo hilo dogo la jina linafungua swali kubwa zaidi. Je, albamu ya jukwaani ni ushahidi wa usiku fulani, au ni kitu kilichotengenezwa kifanane na usiku huo?

Unleashed in the East ya Judas Priest ilirekodiwa Tokyo Februari 1979. Magitaa na drams yalisifiwa mno. Baadaye mwimbaji Rob Halford alikiri kwamba sehemu za sauti yake ziliimbwa upya studioni kwa kuwa alikuwa mgonjwa wakati wa ziara, na watani wakaipachika albamu hiyo jina la Unleashed in the Studio. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ya mwaka 1978, imezua mabishano yasiyokwisha: mtayarishaji Tony Visconti alisema sehemu kubwa ilirekodiwa upya, huku wanamuziki wenyewe wakikanusha. Alive! ya Kiss, iliyotoka mwaka 1975 na kulitoa kundi hilo katika hatari ya kufilisika, nayo ilifanyiwa marekebisho mengi.

Msikilizaji asikasirike upesi. Rekodi ya ukumbini ina maadui wengi: kipaza sauti kinachozimika, uzi wa gitaa unaokatika, mwimbaji aliyepoteza sauti. Kurekebisha kosa moja si udanganyifu. Kinachoudhi ni pale vifijo vya mashabiki vinapobandikwa juu ya muziki wa studio, kisha kitu hicho kikauzwa kwa jina la onyesho.

Lipo pia suala la idhini. Black Sabbath walirekodiwa katika maonyesho yao ya Manchester na London mwaka 1973, lakini hawakuridhika na rekodi hizo, wakaziweka kando. Mwaka 1980 aliyekuwa meneja wao alizitoa kwa jina la Live at Last bila ridhaa ya kundi. Miaka miwili baadaye, kundi hilo hilo lilipokuwa likichanganya sauti za Live Evil, ugomvi juu ya nani apandishwe sauti na nani ashushwe ulichangia kuondoka kwa mwimbaji Ronnie James Dio na mpiga drams Vinny Appice. Kwa hiyo kunasa onyesho ni kazi ya mitambo, lakini kulitoa ni suala la mamlaka: nani anamiliki usiku ule?

Swali hilo ndilo linaloturudisha Nyanza Kusini.

Nyatiti, gitaa na santuri ndogo

Kabla ya gitaa kulikuwa na nyatiti, zeze la nyuzi nane la Wajaluo. Mpigaji huketi chini, akadonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, na wakati huo huo pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu wa kulia, iitwayo oduong'o, hugonga ubao wa chombo kushika mwendo. Njuga ziitwazo gara hulia mguuni. Mtu mmoja hufanya kazi ya besi, drams, solo na mwimbaji. Wapiga gitaa wa benga walichukua udonoaji huo wakauhamishia katika nyuzi za chuma na umeme, na ndiyo maana gitaa la besi la benga halitulii mahali pamoja bali hukimbia na kuchomoza kama sauti ya pili.

Miaka ya 1960 na 1970 bendi zilichipuka kotekote kandokando ya ziwa. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, karibu kabisa na mpaka wa Migori, aliongoza Shirati Jazz kwa miongo minne hivi. Ochieng' Nelly na Collela Mazee waliunda Victoria Jazz mwaka 1972. George Ramogi, Ochieng' Kabaselleh, Prince Jully wa Jolly Boys, Okatch Biggy wa Heka Heka, na baadaye Musa Juma wa Limpopo International: majina haya yangali yakitajwa kila siku katika redio za Kijaluo kama Ramogi FM.

Bendi hizo zilifunga safari hadi Nairobi kurekodi. Kilichotoka huko kilikuwa santuri ndogo ya inchi saba, yenye nafasi ya dakika nne au tano kila upande. Wimbo wa benga hautoshei hapo. Kwanza huja maneno, beti mbili au tatu. Kisha waimbaji hunyamaza, gitaa la solo hupanda juu na kuanza kuzunguka, rithimu na besi hulizingira, na drams hukazana. Sehemu hiyo ndiyo watu wanayoingojea kwa ajili ya kucheza, na ukumbini huweza kuendelea mpaka wapigaji wachoke.

Watayarishaji walipata ufumbuzi mmoja: wimbo ukakatwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza upande wa kwanza, muziki ukafifia. Sehemu ya pili upande wa nyuma. Mwenye gramafoni alilazimika kuinuka katikati ya ngoma, akageuza santuri, akaanza tena. Deep Purple walipata dakika 20 upande mmoja wa santuri kubwa. Shirati Jazz walipata nne, kisha nne nyingine.

Ni haki kusema pia kwamba studio hizo hazikuwa na anasa ya kurekodi kila chombo peke yake kwa siku nyingi. Aghalabu bendi nzima ilipiga kwa pamoja chumbani, na kosa likitokea likabaki. Kwa maana hiyo santuri nyingi za benga za miaka ya 1970 zina ukweli wa papo kwa papo ambao baadhi ya albamu zilizojigamba kuwa za jukwaani hazinao. Kilichokosekana ni urefu na watu.

Na biashara hiyo haikuwa ndogo. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, aliyepata pia kuwa mbunge, alisambaza santuri hizo mbali kiasi kwamba nchini Zimbabwe benga yenyewe iliitwa kanindo. Santuri zilifika mahali ambapo bendi nyingi hazikupata kufika.

Watu wanaolipa ili wasikike

Katika albamu ya hevi metali, hadhira hupiga mayowe, huimba kiitikio, hutaja jina la kundi. Katika ngoma ya Kijaluo, hadhira ni sehemu ya utunzi. Desturi hiyo huitwa pakruok. Mtu husimama, humtunza mwanamuziki fedha, muziki husimama au hushuka, naye hujisifu: hujitaja kwa mafumbo na majina ya kupanga, humsifu mpenzi wake, ukoo wake au rafiki aliyeketi naye. Akimaliza, muziki hupanda tena. Mwingine husimama kumshinda. Ilikuwa hivyo katika nyatiti, ikawa hivyo katika ohangla, na benga ikairithi kwa njia yake, mwimbaji akiwataja wafadhili na marafiki katikati ya wimbo.

Studioni pakruok ya kweli haiwezekani, kwa sababu hakuna aliyesimama na pesa mkononi. Yanayosikika katika santuri ni majina yaliyoandaliwa kabla. Rekodi ya ngoma halisi, iwe ya harusi, ya harambee au ya matanga, huhifadhi nani alikuwapo, alijiita nani na alitamba kwa nini. Kwa familia nyingi za Rongo, Awendo, Migori au Rangwe, hiyo ingekuwa kumbukumbu ya sauti ya wazee wao.

Miaka ya 1980 na 1990 kanda ziliondoa kizuizi cha dakika nne. Kanda ya saa moja ina nusu saa kila upande, na nyimbo zikarefuka. Helena Wang'e Dongo na Dorina za Okatch Biggy ni za enzi hiyo, na gitaa lake lina nafasi ya kutanua mbawa. Lakini kanda hizo hizo zilikuwa rahisi kunakiliwa. Wezi wa kazi za sanaa walizijaza sokoni, kampuni kubwa zikapunguza shughuli zake au zikafunga, na hakukuwa na mwekezaji wa kupeleka mitambo ya nyuzi nyingi na gari la kurekodia hadi kumbi za mashambani. Okatch Biggy na Prince Jully walifariki mwaka 1997. Misiani, ambaye zaidi ya mara moja nyimbo zake za mafumbo ya kisiasa zilimtia mikononi mwa polisi, alikufa katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Musa Juma alifuata Machi 2011.

Vilivyosalia masikioni

Anayetaka kusikia kitu kilicho karibu na albamu ya jukwaani kutoka eneo hili ana njia kadhaa, zote zikiwa na upungufu.

Rekodi kongwe ni zile za Hugh Tracey, aliyezunguka Kenya mwaka 1950 na 1952 akinasa wanamuziki nje, mahali pao, wakiwamo Wajaluo. Zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika karne hii, shirika la Ketebul Music la Nairobi, chini ya Tabu Osusa, lilitoa mwaka 2008 kitabu na rekodi juu ya historia ya benga, na tangu mwaka 2011 limeshiriki katika mradi wa Singing Wells unaopeleka studio ya kubebeka vijijini. Upande wa Siaya, Ogoya Nengo na kikundi chake cha akina mama waimbaji wa dodo walirekodiwa kijijini kwao, na albamu ya Rang'ala ikatolewa London mwaka 2014. Hiyo ndiyo inayostahili kusikilizwa kwanza. Sauti ya mama huyo haikusafishwa, na mtu husikia kwamba nafasi aliyosimama ina hewa.

Roki na benga zilikutana ana kwa ana katika kundi la Extra Golden. Mwaka 2004 Wamarekani Ian Eagleson na Alex Minoff walirekodi Nairobi pamoja na mwimbaji na mpiga gitaa Otieno Jagwasi, na albamu ya Ok-Oyot System ikatoka mwaka 2006. Jagwasi alikuwa amefariki mwaka 2005, hakuishika mkononi. Vifaa vilikuwa vya kubebeka na sauti si nadhifu, na gitaa limepata faida kwa hilo. Ama hevi metali yenyewe, Kenya ina bendi zake, nyingi zikiwa Nairobi. Iliyosikika mbali zaidi ni Duma, wanamuziki wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya mwaka 2020, kali kupita kiasi na iliyochanganywa na mitambo ya elektroniki, ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nayo pia ni kazi ya studio.

Zaidi ya hapo kuna video za harusi, diski zilizouzwa vituo vya matatu na vipande vya simu. Picha hutikisika, besi hupasuka. Lakini humo ndimo mwenye subira hupata kile ambacho santuri haikumpa: gitaa likizunguka kwa robo saa, mtu akisimama kutunza, jina likitajwa, watu wakipiga kelele.

Nani anamiliki usiku ule?

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mtumbuizaji ndiye mwenye haki ya kuruhusu au kukataza onyesho lake lirekodiwe, linakiliwe au litangazwe. Anayenasa bendi ukumbini kisha akauza bila idhini anavunja sheria, hata kama alilipa kiingilio mlangoni. Black Sabbath wangeifurahia ibara hiyo.

Lakini haki hiyo ina muda. Haki ya mtumbuizaji hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao onyesho lilirekodiwa, na rekodi ya sauti hulindwa kwa kipindi hicho hicho tangu ilipofanywa. Kwa hesabu hiyo, santuri iliyorekodiwa mwaka 1972, ule ule wa Made in Japan na wa kuundwa kwa Victoria Jazz, ilikoma kulindwa mwisho wa mwaka 2022. Kila Desemba nyingine za mwaka unaofuata hutoka katika ulinzi, na mtu yeyote, wa Nairobi au wa ng'ambo, anaweza kuitoa upya rekodi yenyewe.

Utunzi una hesabu tofauti: maneno na lahani hulindwa hadi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Nyimbo za Misiani zitakuwa mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2056, na atakayezitoa upya atawajibika kuwalipa, iwe zimetoka katika santuri ya zamani au katika kanda ya ukumbini iliyokaa sandukuni. Kwa hiyo aliye na kanda ya namna hiyo, yenye tarehe, mahali na majina ya wapigaji yaliyoandikwa juu ya jalada, ana kitu ambacho warithi na wahifadhi wangependa kukisikia kabla utepe haujaota ukungu. Utepe wa kanda hauvumilii joto na unyevu wa kandokando ya ziwa kwa miaka mingi, na hizo za Okatch Biggy zimekwisha kupita robo karne.